Msasi Aliyekataa Kila Risasi

Mwaka mzima niliamini, tena kwa moyo mweupe, kwamba risasi ya mzee mmoja wa Fumba haiui. Inamwangusha paa tu, inamgeuza ubavu wa kushoto, inamwelekeza kibla, halafu inamwacha pale anapepesa macho akingojea kisu. Habari hiyo niliipata Darajani, kwenye baraza ya muuza kahawa, na aliyeileta aliapa kwa Mungu na kwa maziwa ya mama yake. Mwenzake akaongeza kwamba paa akiwa na mimba, risasi hugeuka njiani, ikarudi zake bundukini na kulala. Hii ya pili niliitilia shaka kidogo. Ile ya kwanza niliimeza bila ya kutafuna.

Msinicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mchana seremala, jua likizama mwanafunzi wa masomo ya watu wazima, na mtu anayeanza kusoma akiwa na ndevu huamini mambo mawili kwa mpigo: yote yaliyoandikwa kitabuni na yote yanayosemwa barazani. Mimi nilikuwa na ndevu nyingi.

Mzee huyo tukimwita Msasi, yaani mwindaji. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo kama watu wote, lakini hata mkewe akimwita Msasi, na nadhani mbwa wake nao wakimfikiria kwa jina hilo hilo. Alikuwa mfupi, mkavu kama kuni za mkaratusi, kofia yake ya viua imepauka hata viua havionekani, na miguuni viatu vya mpira wa gari alivyovikata mwenyewe. Kwenye maweni ya kule Fumba, ambako jiwe hukata nyayo kama wembe, yeye akipita kama mtu anayevuka sebule yake. Mimi nikimfuata nyuma nikiacha damu ya kutosha kupaka nyumba rangi.

Tulikutana kwa sababu ya kitako cha bunduki. Baada ya Mapinduzi bunduki zote zilikusanywa, na kwa muda wanyama wa kisiwa hiki wakaishi raha ambayo hata wafalme hawajaiona. Nguruwe, kima na paa wakaingia mashamba ya mihogo mchana kweupe. Wakulima wakalia, na hatimaye ofisi ya wilaya ikawapa wasasi wa kijiji kile bunduki moja, kongwe, ya mitutu miwili: mtutu wa kulia unakula marisau, yale makombo ya risasi yanayotawanyika, mtutu wa kushoto unakula risasi nzima, moja, inayokwenda moja kwa moja. Kitako chake kilikuwa kimepasuka. Kikaletwa karakana yetu, nikapewa mimi.

Siku ya pili akaja mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Naam."

Akanitazama viganja. "Mbona una mikono ya karani?"

Kitako cha kwanza alikikataa kwa sababu kizito. Cha pili chepesi. Cha tatu alikiweka begani, akafumba macho, akasema, "Hiki kinanisukuma niharakishe." Nikauliza kitako kinamsukumaje mtu. Akasema kama mimi ni fundi wa kweli nisingeuliza. Cha nne alikirudisha bila ya neno. Cha tano alikichukua, pia bila ya neno, na baadaye nikaja kujua kwamba huko kunyamaza ndiko kusifu kwake. Ningejua siku ile ningechinja mbuzi.

Basi ndivyo nilivyoanza kwenda Fumba. Kila Jumapili, miaka sita. Nilikwenda kwanza kuiona ile risasi inayojua kibla, na sikuiona. Paa waliangukia walipotaka, mmoja alifia katikati ya miiba ya mkwamba na ikabidi tumvute kwa upembo, ule mti wenye ndoana. Lakini wakati huo nilikuwa nshanaswa na jambo jingine. Ofisi ya wilaya ilisema itatoa bunduki ya pili kwa kikundi kile, na mwenye kuipata atakuwa yule ambaye Msasi atamwekea neno lake. Nami nilikuwa nimeposa Bububu. Baba wa binti alikuwa ameniuliza, mbele ya wajumbe wangu, "Mbali na randa, kijana, una nini?" Nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi Mkokotoni: "Nnakaribia kupewa bunduki ya serikali."

Nilioa, alhamdulillahi. Bunduki haikuja. Na kila Idi, nikishampa mkwe wangu mkono, yeye huchungulia nyuma yangu mlangoni kama anayemtafuta mgeni mwingine, na kuuliza, "Hujafuatana nayo?"

Kwa hiyo muelewe. Sikuwa naifuata nyama. Nilikuwa nalifuata neno la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na sharti moja tu: "Siku utakayojua risasi ya paa, neno langu utalipata."

Mtu atasema, si rahisi hiyo? Nami nilisema hivyo hivyo.

"Mzee, paa anapigwa na risasi gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Paa yuko wapi."

"Yuko mbele yangu!"

"Eee. Mbele hata kipofu anayo."

Mazungumzo haya tumeyafanya, nikipunguza, mara elfu nne. Nimeyafanya tukitembea, tukila, tukingojea mvua ipite chini ya paa la banda la dagaa. Niliyafanya siku aliyozikwa ngamia wake wa kukamulia mafuta, nikidhani huzuni itamlegeza. Alinijibu, "Inategemea," machozi yakimtoka.

Na asidhani mtu kwamba alikuwa bubu. Laiti! Muulize kuhusu muhogo, atakueleza muhogo tangu kijiti hadi sufuria, na ukiondoka atakufuata njiani kukwambia alichosahau. Muulize dawa ya jino, nyota ya kupandia, kwa nini watu wa mjini wanatembea wakitazama chini. Alikuwa na misemo ya kugawa kama peremende. "Paa hana haraka ya kufa, haraka ni yako." "Risasi ni mgeni asiyejua kurudi kwao." "Mwenye kupiga sana hana mengi ya kusimulia." Ukimgusa hapo kwenye risasi ya paa tu, basi, mlango umefungwa na komeo limetiwa.

Risasi zenyewe alikuwa na namna ya kuzichagua ambayo ilikuwa ikinitoa roho. Zikifika kutoka ofisini, huzitandaza ukumbini juu ya mkeka. Huchukua moja, akaitikisa sikioni. Akaiweka kulia. Ya pili, akaitikisa, akaiweka kushoto. Nyingine ataitikisa, atainusa, ataitazama kama anayemjua babake, ataiweka kando peke yake kama mwari. Kisha zile za marisau huzifumua ganda, akayamwaga marisau kwenye sinia na kuyaviringisha taratibu. Lililokwenda sawa analirudisha. Lililoyumba, lenye pembe, analitupa kwenye kifuu.

"Hilo kosa lake nini?" niliuliza.

"Lisiloviringa haliendi unakolituma."

"Lakini mzee, yanakwenda mengi pamoja. Moja likipotea kuna hasara gani?"

Alinitazama kwa muda mrefu sana. Ningeweza kufuga ndevu nyingine. Halafu akaendelea kuviringisha.

Zile risasi nzima za mtutu wa kushoto hakuzitikisa wala kuzinusa. Alizifunga kitambaani, akazitia chini kabisa ya mkebe wa biskuti. Msako baada ya msako, mwaka baada ya mwaka, ule mtutu wa kushoto ukaenda mtupu kama jicho la chongo. Hilo ndilo lililonikera kupita yote, kwa sababu mimi nilikuwa na kitabu.

Kitabu nilikinunua Mji Mkongwe kwa mtu aliyekuwa akiuza vitu vya jirani zake waliohama. Cha Kiingereza, kimeliwa na mende pembeni, na ndani yake chote ni risasi: uzito wake, mwendo wake, baruti yake, na mnyama gani anastahiki ipi. Nilikisoma kwa kamusi, neno moja moja, mpaka mwalimu wangu wa jioni akasema Kiingereza changu kimekuwa kizuri lakini hakizungumzi jambo jingine. Kitabu kilisema wazi: kwa mnyama wa namna ya paa, risasi nzima, nzito, inayopita ndani kwa nguvu. Niliipigia mstari kwa wino mwekundu. Jambo dogo nililolipuuza ni kwamba mnyama wa kitabuni alikuwa kulungu wa nchi za barafu, pembe zake kama mti wa mkungu, uzito wake kama punda aliyeshiba. Paa wetu wa Unguja ukimpakata unaweza kumwimbia.

Nilimsomea Msasi ukurasa mzima, nikitafsiri. Alisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akauliza, "Aliyekiandika anawinda na nani?"

"Sijui. Peke yake, nadhani. Hapa kwenye picha yuko peke yake."

"Basi huyo amepata raha," akasema, akaomba maji.

Ule mkebe wa biskuti nao una habari yake. Risasi ikiingia unyevu imekufa, na Fumba bahari iko pande zote, kwa hiyo yeye alizizika ndani ya mchele. Mchele! Wakati ambao mjini na shamba watu walipanga foleni tangu alfajiri wapate kibaba kimoja, risasi za Msasi zilikuwa zimelala juu ya mchele safi uliopepetwa. Mkewe, ambaye sote tukimwita Bi Mkubwa, alikuwa mwanamke mrefu kuliko yeye kwa kichwa kizima, mwenye sauti ya taratibu, na neno lake likikata.

"Seremala," aliniambia siku moja mbele yake, "kama una binti usimwoze msasi. Hapa wake wenza ni wa chuma, na ndio wanaokula wali. Mimi nakula ugali wa muhogo."

"Mchele ule hauharibiki, tutaupika," Msasi akajitetea.

"Nshaupika mwaka juzi. Tulikunywa maji siku tatu tukipiga cheche."

Akacheka yeye, akacheka Msasi, nikacheka mimi kuliko wote. Walikuwa wakitaniana hivyo, lakini nilibaini jambo ambalo sikulitafutia maana: Bi Mkubwa hakuugusa ule mkebe. Akifagia, aliuzunguka.

Ukitaka kumkamata Msasi kwa kinyume chake, mtazame na mbwa. Alikuwa mtu wa udhu. Swala haimpiti, nguo yake ya kuswalia imetundikwa mbali na kila kitu chenye pua. Mbwa akimgusa na mate hujitwisha safari ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, hata kama maji yako kisima cha mbali. Lakini mbwa hao hao ndio waliotangulia kula. Aliwapa majina ya vyeo, Karani na Mudiri, na alizungumza nao kwa heshima ambayo mimi, mwenye cheti cha serikali chenye muhuri, sikuipata hata siku moja. "Karani, tafadhali." "Mudiri, umechoka, pumzika bwana." Mimi: "We seremala, sogea, unatia kivuli."

Kinyume chake kingine ni hiki: mtu aliyeogopwa na paa wa kusini nzima alikuwa mwoga wa kufyatua. Nasema mwoga kwa sababu sikuwa na neno jingine. Nimemwona akimwacha paa akapita hatua ishirini kutoka puani pake. Nimemwona akilenga, akilenga, akilenga, mpaka paa akachoka kulengwa akaenda zake. Msimu mzima angeweza kufyatua mara tatu. Tulirudi kijijini mikono mitupu, wanawake wametenga vyungu, na yeye anatoa salamu kushoto na kulia kama aliyetoka kuhiji.

Na kabla ya hapo, mateso makubwa zaidi: kule kuanza kwake. Msako wa kule unakwenda hivi. Mwenye bunduki anakaa upande mmoja wa kichaka. Wafukuzaji, watu kumi au kumi na wawili, wanaingia upande wa pili na mbwa na fimbo, wakipiga kelele, wakimsukuma mnyama aje kwake. Jambo la robo saa. Kwa Msasi likichukua umri. Alikusanya watu wote, akachora kichaka mchangani kwa kijiti, kisha akamwita mfukuzaji mmoja mmoja kwa jina, amwonyeshe kwa kidole ataingilia wapi, atapita wapi, atatokea wapi. Akimaliza wa kumi na mbili, anarudia wa kwanza. Jua linapanda. Paa wanazeeka. Mimi, msomi, nilikwishampa ushauri: "Mzee, nitakuandikia mahudhurio kwenye karatasi, tusipoteze wakati." Nikayaandika kwa mwandiko mzuri, nikampa, akayatia mfukoni, akaendelea kuchora. Basi nikawa wakati ule nakaa zangu kando juu ya jiwe, nasoma kitabu.

Mwaka wa tatu akanipa bunduki. Hakusema kwa nini. Alitia risasi ya marisau madogo kwenye mtutu wa kulia, akanikabidhi, akaenda kusimama hatua chache nyuma yangu. Nikakipapasa kitako changu cha tano kwa furaha. Na hapa lazima niseme nilichofanya: asubuhi ile, Bi Mkubwa akiwa nje, nilichopoa risasi nzima moja kutoka chini ya mkebe. Nikaichomeka mtutu wa kushoto. Nilitaka Msasi aone kwa macho yake kile kitabu kinachosema.

Kelele zikaanza ndani ya kichaka. Karani akabweka. Paa akachomoza, akasimama kwenye uwazi hatua kama sabini hivi (nikisimulia Darajani husema mia mbili), masikio juu, kelele zinamkaribia kwa nyuma. "Bismillahi, Allahu Akbar," nikafyatua kushoto. Paa akaruka, akaanguka pale pale.

Nikapiga kelele ya ushindi. Nikachomoa kisu, nikakimbia nimuwahi na roho yake. Kabla sijafika, Msasi akanipita. Mzee wa miaka ile! Alimruka yule paa kama anayeruka gogo, hakumtazama hata chembe, akaingia kichakani kwenye miiba na kofia ikabaki juu ya tawi, huku akiita majina. Moja moja. Na kutoka ndani sauti zikaitika, "Naam!" "Naam!" "Naam, mzee!" Mmoja alichelewa. Msasi alimwita mara tatu, na ile mara ya tatu sauti haikuwa sauti ya mtu mzima. Ndipo tukasikia, "Naam, niko huku, viatu vimenivuka!"

Alipotoka nje alikaa juu ya jiwe langu. Aliomba maji, wakampa kata, na maji yote yakamwagikia kifuani.

Paa alikuwa amekufa kabla ya kisu. Nyama wakapewa mbwa. Msasi akanipokonya bunduki, akautazama ule mtutu wa kushoto, na hakusema nami neno miezi miwili, hata salamu yangu akiitikia kwa kichwa. Nami nikajieleza hivi: amekasirika kwa sababu nyama imekuwa haramu. Jambo likawa wazi kama mchana! Risasi nzito inaua kabla ya kuchinja. Risasi nyepesi inamwacha mnyama hai lakini anakimbia. Kumbe anatafuta ile ya katikati, inayoangusha bila ya kuua. Siri yote ni fikihi! Nikaenda kwa maalim mmoja wa Malindi kuuliza hukumu ya mnyama aliyekufa kwa risasi, akanipa kauli za wanavyuoni mpaka adhana ikatukuta. Nikarudi Fumba na daftari zima.

"Mzee, nimejua. Unataka risasi itakayomwacha hai mpaka achinjwe."

Akatikisa kichwa taratibu. "Hiyo pia," akasema.

Hiyo pia! Nilitamani kula kofia yangu.

Miaka ikaenda. Nilimletea majibu kama watu wanavyopeleka posa, moja likikataliwa naleta jingine. Marisau ya kati, hatua thelathini. Marisau madogo, hatua kumi na tano. Baruti pungufu wakati wa kusi, baruti kamili wakati wa kaskazi. Nilipima masafa kwa kamba ya useremala kutoka jiwe hadi jiwe. Nilijifunza kuzitikisa risasi sikioni, na naapa nilianza kusikia kitu, ingawa mke wangu alisema ni nta.

Kisha akaja mkwezi. Kijana wa kukwea minazi, kutoka upande wa Makunduchi, hajui alifu wala be, amekuja kijijini kwa kazi ya msimu mmoja. Alijiunga na msako kwa sababu Jumapili hakuwa na la kufanya. Hakuuliza chochote kuhusu risasi. Hakujua kama kuna swali. Jumapili yake ya tano Msasi akampa bunduki.

Mimi nilikuwa juu ya kijilima, naona kila kitu. Akatoka paa nunga, yule mwekundu ambaye wengine huishi umri wao hawajamwona, akasimama ubavu wazi, hatua ishirini na tano, kama aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti. Mkwezi akainua bunduki. Akalenga. Akageuza kichwa kidogo, kama anayesikiliza. Akaishusha. Paa nunga akatikisa mkia, akaenda.

Nilipiga ukelele nadhani walinisikia Pemba. Nikateremka mbio, na nilipofika, Msasi na mkwezi walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, na Msasi amemshika bega. Wiki ile ile akaenda ofisi ya wilaya akamwekea neno lake. Bunduki ya pili akapewa mtu ambaye hakufyatua!

"Hakupiga!" nilimwambia Msasi, na hapo sikumwita mzee. "Miaka yote hii mimi najifunza kupiga, wewe unampa asiyepiga?"

"Anajua risasi ya paa."

"Ipi?"

"Siku ile? Hakuna."

Nilikaa miezi minane bila ya kukanyaga Fumba. Idi mbili zikapita na mkwe wangu akachungulia mlangoni mara mbili.

Nilirudi nilipopata habari kwamba Msasi hawezi tena. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Kifua kilikuwa kimembana, miguu imevimba, na ofisi ilikuwa imemtaka aseme nani atachukua bunduki yake yeye, ile kongwe yenye kitako changu. Nikanunua halua, nikavaa kanzu ya harusi yangu, nikaenda.

Alikuwa amelala ukumbini, kitanda kimegeuzwa aone njia. Amebaki kidogo kama nguo iliyoanikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, seremala. Unene huo wa nini?"

"Wa furaha."

"Mwongo."

Tukacheka, akakohoa, tukangoja kikohozi kipite. Nikamwambia kilichonileta. Nikamwambia sitaki kumchosha, nina jibu la mwisho, na nikalitoa lote kwa pumzi moja: marisau yaliyochaguliwa kwa kuviringisha, baruti kavu, hatua thelathini usizidi, upepo usoni, ubavu wazi, na ukiona shaka usifyatue. Nililifanyia kazi jibu lile kuliko mtihani wowote. Hata sasa naliona jibu zuri.

Alifumba macho, akalisikiliza mpaka mwisho.

"Umesoma vizuri, mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita mwanangu.

"Basi niwekee neno lako."

Midomo yake ikatikisika, kama mtu aliyebeba kitu kizito kinywani na hana pa kukitua. Akatazama juu, kwenye boriti. "Bi Mkubwa," akaita, "mpe seremala kahawa." Akageukia ukutani.

Sikuinywa. Niliondoka na hasira zangu, na Bi Mkubwa akanifuata mpaka kwenye upenu, akanishika mkono wa kanzu.

"Usimkasirikie, ntakwambia mimi, kwa sababu yeye kuitamka habari yenyewe hawezi. Bunduki hiyo hatakupa."

"Kwa nini, Bi Mkubwa? Nimekosa nini? Nimejibu kila kitu!"

"Kabla hujaja wewe, alimpiga paa kwa risasi nzima. Paa akafa. Risasi haikusimama. Nyuma ya paa alikuwa kaka yangu."

Alilisema hilo kama anayenieleza njia ya kisimani. Kutoka ndani tulisikia mzee akikohoa, naye akangoja amalize.

"Yule mkwezi, siku ya kwanza tu, alimuuliza: watu wamekaa wapi? Wewe, seremala, miaka sita unamuuliza habari za paa."